Kayaki, ubao wa kusimama na dingi ya tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuko marafiki wachache, wengi wetu wa Dar es Salaam, na Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tunaingiza vyombo vidogo baharini. Kila tukirudi ufukweni tunakuta mtu anatusubiri na maswali, na mengi ni yale yale. Nimeyaandika hapa na kuyajibu kwa jinsi ninavyoyajua. Nitazungumzia Dar zaidi kwa sababu ndiyo bahari yangu. Msomaji wa Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu atabadilisha majina ya visiwa tu. Pepo ni zile zile.

Vyombo hivi vitatu vinatofautianaje, na nianze na kipi?

Kwenye kayaki unakaa, umenyoosha miguu mbele, na kafi lako lina bapa pande zote mbili. Kwenye ubao wa kusimama unasimama wima na kafi refu lenye bapa moja. Dingi ni mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja au wawili, inayoendeshwa na upepo.

Anza na kayaki, ile ya kukalia juu, siyo ile ya kuingiza miguu ndani ya tundu. Ya juu ukipinduka unaanguka tu majini, hakuna kinachokubana, na haijai maji kwa sababu ina vitobo vya kuyatoa. Baada ya saa moja utakuwa unakwenda mbele na kurudi bila shida. Ubao unahitaji siku mbili tatu za kuanguka. Tanga linahitaji msimu mzima, na kwa maoni yangu ndilo linalolipa kuliko yote.

Haya si mambo ya watalii?

Swali hili huwa linaniuma, nami huwa najibu kwa kirefu.

Neno kayaki limetoka kwa Wainuit wa Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska. Kwao kilikuwa chombo cha kuwindia sili, mnyama wa bahari za baridi, fremu nyepesi iliyofunikwa ngozi. Ubao wa kusimama umekulia Hawaii. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichozaliwa hotelini. Barani kwetu mtumbwi ni wa kale kuliko hivyo vyote: ule wa Dufuna, uliofukuliwa Nigeria baada ya kugunduliwa mwaka 1987, una umri wa kama miaka 8,000.

Kisha angalia pwani yetu. Mvuvi anayesimama kwenye mtumbwi na kusukuma kwa upondo juu ya maji ya kina kifupi anafanya nini, kama si kuendesha chombo akiwa amesimama? Ngalawa, yenye matengo pande mbili yanayoizuia isipinduke, ni ya ukoo mmoja na vyombo vya mabaharia waliovuka bahari kutoka kusini mashariki mwa Asia hadi Madagaska. Watoto wa Lamu na Unguja hutengeneza vingalawa kwa kandambili kuukuu na tanga la mfuko wa plastiki, wakashindana ufukweni, na ukikitazama kimoja kwa karibu utaona mtoto amekipa tanga pembe sahihi kabisa. Mtoto huyo tayari anajua nusu ya ninayomfundisha mtu mzima wa ofisini.

Kitu pekee kilicho kigeni kwetu ni kwenda baharini bila sababu ya kuleta samaki. Na hata hilo si geni sana: resi za ngalawa na majahazi zina umri mrefu, na Lamu hadi leo mji mzima hutoka kuzitazama.

Lazima nijue kuogelea?

Ndiyo. Najua ufuo mwingine utakubaliwa bila kujua, kwa kigezo kwamba utavaa jaketi. Sisi hatukubali. Kiwango chetu ni kidogo: uelee chali dakika tano bila kuhangaika, na uogelee mita 50 ukiwa na nguo zako. Anayeshindwa tunamfundisha kwanza, kwenye maji ya kifuani, bila malipo na bila kumwonea haya. Watu wengi wa pwani hawajui kuogelea, wanawake hasa, na mtu asione aibu kuanza akiwa na miaka 40.

Miezi gani ni mizuri?

Pwani ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma toka Desemba hadi Machi, kusi huanza mwezi wa nne au wa tano na kuendelea hadi Septemba. Kati yake kuna tangambili, kipindi upepo unapogeuka na bahari inapopumzika.

Kwa kafi, tafuta tangambili: Oktoba na Novemba, na siku za Machi kabla masika hayajakolea. Maji huwa meupe, unaona hadi chini. Kaskazi nayo ni nzuri asubuhi. Kusi ya Juni na Julai ni nzito, inasukuma mawimbi makubwa nje ya mwamba, na anayeanza abaki ndani ya hori au ghuba iliyokingwa. Ila kwa tanga, kusi ni neema. Huvuma kwa nguvu ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni, na anayejifunza hana anachokihitaji zaidi ya upepo usiobadilika badilika.

Kabla ya kutoka soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa kayaki na ubao, anayeanza asizidishe upepo wa kilomita 15 kwa saa. Usipokuwa na simu, tumia macho: bahari ikishaanza kutoa povu jeupe vichwani mwa mawimbi, upepo umekaribia kilomita 20 kwa saa au umepita, na wewe kaa ufukweni unywe dafu.

Maji kupwa na kujaa yananihusu nini? Mimi naelea juu.

Yanakuhusu kuliko mikono yako.

Maji hupwa kwa muda wa saa sita na dakika kidogo, kisha hujaa kwa muda kama huo, na kila siku hali hiyo huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo inapokuja bamvua, maji yakatoka mbali na kurudi juu sana. Hapa Dar na Unguja tofauti ya maji ya bamvua hukaribia mita nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ikawa ndogo, labda mita moja hivi.

Wazee wana hesabu moja ambayo nakuomba uikariri: siku za bamvua, huku kwetu, maji hujaa kama saa kumi na hupwa kama saa nne, mchana na usiku vivyo hivyo. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Ukishalijua hilo, unautazama mwezi usiku na kujua kesho utoke saa ngapi, bila kufungua jedwali lolote.

Sasa maana yake. Maji hayasogei kwa kasi moja. Saa ya kwanza yanajongea polepole, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika saa hizo mbili tu nusu ya maji yote huwa imepita. Mahali penye mlango mwembamba, kama mdomo wa hori au pengo la mwamba, mkondo huo utakushinda. Mtu wa kawaida hupiga kafi kama kilomita nne au tano kwa saa. Mkondo wa mlangoni siku ya bamvua unaweza kufika hapo na zaidi, kwa hiyo utapiga kafi kwa nguvu zako zote huku mti wa mkoko ulio kando yako haurudi nyuma hata hatua moja. Nimewahi kuuangalia mkoko mmoja namna hiyo kwa robo saa.

Cha kufanya: ingia horini maji yakijaa, yakubebe, geuka yakisimama, rudi yakianza kupwa, yakubebe tena. Na upepo ukivuma kinyume na mkondo, mlango huo huo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Usiupite saa hizo.

Tena, usije ukarudi maji yakiwa yametoka. Utashuka mita mia tano kutoka ufukweni, ubebe chombo cha kilo 25 juu ya mawe na vile viumbe weusi wenye miiba mirefu.

Asubuhi mapema bahari huwa kioo. Hapo si salama kabisa?

Hapa ndipo nilipokaribia kupotea, na ndilo jibu ninaloomba lisomwe hata na asiyesoma mengine.

Ilikuwa Desemba, mwaka wangu wa kwanza. Nilikodi ubao saa kumi na mbili asubuhi kwenye ufuo mmoja kaskazini mwa jiji. Aliyenikodisha hakuniambia neno juu ya upepo, nami sikuuliza. Maji yalikuwa yamelala. Nilipiga kafi kuelekea nje nikiimba, nikajiona nina nguvu za ajabu, kila pigo linanipeleka mbali. Nilipogeuka, nyumba za ufukweni zilikuwa ndogo kama viberiti.

Kilichonipeleka si nguvu zangu. Ni umande, upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Karibu na ufuo miti na nyumba huuzuia, hauuhisi, na maji huwa hayana hata kiwimbi. Ukishasogea mita mia mbili tatu nje, unakushika mgongoni. Wavuvi wanaujua vizuri sana, ndio unaowatoa alfajiri bila kutumia nguvu, kisha mchana upepo wa baharini huwarudisha. Mimi nilitoka nao kama wao, ila sikuwa na tanga wala mpango wa kusubiri mchana. Na maji nayo yalikuwa yanapwa.

Nilipiga kafi kurudi nikiwa nimesimama, dakika kumi, dakika ishirini. Mikono ilianza kutetemeka. Ngalawa moja ilikuwa inatoka, mzee na kijana wake, wakashusha tanga wakanisogelea. Mzee hakunivuta wala hakunigombeza. Alisema, "Binti, kaa chini! Tanga ni wewe."

Nikapiga magoti. Papo hapo ubao ukaacha kurudi nyuma. Nikalala kifudifudi nikapiga maji kwa mikono, kafi nimelikandamiza kwa tumbo, ukaanza kwenda. Walikaa kando yangu hadi nilipofika mahali penye kina cha kusimama, ndipo wakapandisha tanga lao, asubuhi yao ya kazi ikiwa imepungua nusu saa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo: kila siku, kabla ya kuingia, chukua mchanga mkavu kiganjani, uachie. Ukipeperuka kuelekea baharini, usitoke na ubao. Na popote upepo utakapokuzidi, jishushe: magoti kwanza, kisha tumbo.

Jaketi okozi ni la lazima hata kwa anayejua kuogelea?

Ndiyo. Tazama ndani ya jaketi utaona namba na herufi N, kipimo cha nguvu yake ya kuelea. Namba 50 ni ya kumsaidia anayejua kuogelea, inatosha kwa kayaki karibu na ufuo, na haibani mikono. Namba 100 na kupanda ni ya kumwelesha mtu hata akichoka. Ambalo halina buckle, au povu lake limekauka likakatika, si jaketi, ni nguo. Livae, lifunge, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likikupanda masikioni ni kubwa mno. Funga filimbi kwenye zipu. Sauti ya mtu haifiki popote kwenye upepo, filimbi inafika.

Na ile kamba inayofunga mguu kwenye ubao?

Kwenye ubao baharini usiiache kamwe. Ubao ni boya lako kubwa kuliko jaketi, na ukianguka upepo huuchukua haraka kuliko unavyoogelea. Mtoni ni kinyume: kamba ya kifundo cha mguu inaweza kunasa kwenye mti au jiwe ikakuzamisha, kwa hiyo huko hufungwa kiunoni, ya aina inayofunguka kwa kuvuta mara moja.

Mikono inaniuma baada ya dakika kumi. Nakosea nini?

Unavuta kwa mikono. Kafi linavutwa kwa kiwiliwili. Zamisha bapa lote karibu na vidole vya miguu, kisha geuza bega na kiuno kuelekea nyuma huku mkono umenyooka, na ulitoe linapofika nyongani. Likivuka hapo unainua maji tu. Mguu wa upande unaovuta ukandamize sehemu ya kukanyagia. Utasikia nguvu inapita tumboni.

Kwa ubao kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya siku ya kwanza: kushika kafi kinyumenyume. Bapa limepinda kidogo, na watu hufikiri upinde huo ni wa kuchotea maji kama kijiko. Sivyo. Bapa linapaswa kuinamia mbele, kuelekea unakokwenda. Urefu wa kafi uwe kimo chako na sentimita 20 hivi juu. Magoti yalegee, macho yatazame mbali. Ukitazama miguu yako utaanguka.

Nikianguka nitarudije juu?

Ogelea hadi ubavuni, katikati ya chombo. Nyoosha miguu nyuma juu ya uso wa maji, piga mateke kama unaogelea, na ujivute juu ya tumbo kama unavyopanda ukingo wa bwawa. Usijaribu kupanda miguu ikiwa imening'inia chini ya chombo, utakipindulia usoni. Ukiwa juu ya tumbo, pumzika, kisha geuka ukae. Fanya zoezi hili mara kumi kwenye maji ya kifuani kabla hujatoka kwenda popote.

Nataka tanga. Naanzia wapi?

Anza kwa kukaa kwenye ngalawa ya mtu anayeijua, saa mbili tu, ukiangalia mkono wake ulioshika kamba. Majina ya vitu utayapata humo humo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mlingoti, foromali inayobeba tanga, usukani na kana yake, na demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Upande unaotoka upepo ni joshini. Upande unaokwenda upepo ni demanini. Lugha hii tunayo tayari, nami humwomba kila mwalimu aitumie badala ya kumjaza mwanafunzi maneno ya kigeni yatakayompotea kichwani wakati wa dharura.

Kwa dingi za shuleni, watoto huanza na Optimist, kisanduku cha mita 2.3 hivi kilichobuniwa na Clark Mills kule Florida mwaka 1947. Watu wazima wengi hujifunzia ILCA, ambayo zamani ikiitwa Laser, mita 4.23 kwa urefu, ya mtu mmoja. Mwili wake ni mmoja lakini unaweza kuufunga tanga la mita za mraba 4.7, 5.76 au 7.06 kulingana na uzito wako. Imekuwamo katika Olimpiki tangu 1996, na bado mtu wa wiki ya pili anaiweza.

Somo la kwanza ni kwamba hakuna chombo kinachokwenda kuuelekea upepo moja kwa moja. Dingi hukaribia hadi pembe ya kama nyuzi 45, ngalawa kwa tanga lake la pembetatu haifiki hapo. Unakotaka kwenda kukiwa joshini, unabisha: unakwenda mshazari upande huu, unageuza, unakwenda mshazari upande ule. Kwenye dingi omo hupita kwenye upepo na tanga likajivusha lenyewe. Wewe unainamisha kichwa, unahamia upande wa pili, unabadilisha mikono.

Somo la pili linaokoa kuliko yote. Ukizidiwa, achia demani. Tanga litapepesa, kelele zitakuwa nyingi, chombo kitasimama. Mtu aliyeogopa hufanya kinyume, huikamata kamba kwa nguvu kama anayening'inia, na ndivyo dingi inavyolala. Mimi huwapa wanafunzi siku nzima ya kuvuta na kuachia tu, tusiende popote, hadi vidole vyao viachie vyenyewe bila kuamriwa.

Tanga liko sawa linapoacha kutetemeka kwenye ukingo wa mbele, basi, hapo hapo. Ukilivuta zaidi chombo kinaegama lakini hakikimbii.

Dingi ikipinduka?

Itapinduka. Kitu cha kwanza, usiiache, hata ufuo ukionekana karibu. Zunguka hadi upande wa chini, shika ule ubao wa kati unaochomoza chini ya chombo, upande juu yake, egemea nyuma kwa uzito wako. Itainuka polepole kisha ghafla. Hakikisha demani imelegea kabla hujaiinua, la sivyo tanga litashika upepo na kuiangusha upande wako.

Nani anampisha nani?

Vyombo viwili vya tanga vikikutana, mwenye upepo kushoto kwake humpisha mwenye upepo kulia kwake. Wakiwa na upepo upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demanini. Anayepita mwenzake kwa nyuma ndiye anayekaa mbali. Ama meli iliyo kwenye mkondo wa bandari, wewe wa kafi huna haki yoyote mbele yake. Haiwezi kusimama wala kukuona. Usiingie Kilindini, bandari ya Mombasa, usiingie mdomo wa bandari ya Dar, na usikatize njia ya pantoni.

Naweza kupiga kafi hadi Bongoyo au Mbudya?

Siyo mwezi wako wa kwanza. Baadaye, ndiyo, na ni safari nzuri sana. Tunatoka alfajiri siku ya maji mafu, watu wasiopungua wanne, na boti ya mashine inatusindikiza. Kila mmoja ana lita mbili za maji, kofia, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tumemwachia mtu nchi kavu saa yetu ya kurudi, naye anajua amwite nani tusipotokea: Zimamoto na Uokoaji ni 114. Nguvu unaigawa mapema: ukifika kisiwani umetumia zaidi ya theluthi yake, unarudi kwenye boti, kwa sababu mchana upepo huwa si ule ulioondoka nao. Visiwa vyote viwili ni hifadhi, kwa hiyo kuna kiingilio, na matumbawe hayakanyagwi wala kuchukuliwa.

Navaa hijabu. Nitavaa nini?

Burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili, au suruali ya mazoezi ya kitambaa chepesi na blauzi ya mikono mirefu inayobana, na mtandio wa kitambaa hicho hicho uliofungwa nyuma. Usivae baibui wala kanga majini, vinajaa maji na kukufunga miguu. Kaskazini mwa Unguja mradi wa Panje umefundisha wasichana wengi kuogelea wakiwa wamejisitiri vizuri. Kwetu sisi, wanawake wana saa yao na mwalimu wa kike. Na mavazi haya yanamfaa kila mtu: wanaume wanaotoka vifua wazi hulala usiku wakiwa wameungua.

Watoto waanze na umri gani?

Kayaki ya watu wawili na mzazi nyuma, hata miaka mitano. Peke yake kwenye Optimist, kama miaka minane, akishajua kuogelea. Jaketi liwe la mtoto na lenye mkanda wa kupita kati ya miguu.

Mimi niko Mwanza. Ziwani ni sawa?

Ziwa Victoria ni zuri na lina hatari zake. Kichocho ndicho cha kwanza: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwenye majani na maji yaliyotuama karibu na ufuo. Ingilia penye mawe au gati, usipite kwenye matete, jikaushe kwa taulo ukitoka, na uende ukapimwe hata kama huna dalili. Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Nyasa na Tanganyika ni hivyo hivyo. Baharini hakuna kichocho.

Cha pili ni viboko na mamba. Waulize wavuvi wa mwalo huo huo, siyo wa mbali. Kiboko usikae kati yake na maji ya kina. Na radi: ukisikia ngurumo ya kwanza, elekea nchi kavu, usihesabu ya pili. Dhoruba za ziwa hili huja haraka.

Wa Jinja, Uganda, wana habari nyingine kabisa. Mto Nile pale ni shule ya kayaki za maporomoko inayojulikana duniani, ingawa mabwawa ya umeme ya Bujagali na Isimba yamefunika sehemu ya yale maporomoko. Kayaki za huko ni fupi, za kuingiza miguu ndani, na mtu hafundishwi na maandishi.

Ninunue au nikodi?

Kodi mara kumi kwanza. Ukiendelea kupenda, kayaki ya plastiki ni ngumu, inavumilia mawe, lakini ni nzito na inahitaji mahali pa kuiweka. Ubao wa kujaza upepo unaingia kwenye begi na kupanda bajaji. Chagua wa unene wa sentimita 15, upana wa 80 na zaidi. Ujaze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye valvu. Uliolegea unapinda katikati na utadhani kosa ni lako. Usiuache juani umejaa, hewa hupanuka na mshono huachia. Vyote vioshwe kwa maji baridi ya bomba.

Wavuvi hawatukasirikii?

Wanakasirika ukipita juu ya nyavu zao. Chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni boya za wavu, siyo takataka. Zunguka. Madema yaache. Paje na Jambiani, vijiti vilivyosimama kwenye maji mafupi ni mashamba ya mwani ya akina mama; pezi la ubao wako likikata kamba umeharibu kazi ya wiki kadhaa. Salimia kwanza, kisha uliza: "Shikamoo mzee, leo maji vipi?" Jibu utakalopewa ni la bure na lina usahihi kuliko programu yoyote ya simu.

Nimeumwa na konyeza, na mwenzangu kakanyaga miiba. Tufanye nini?

Konyeza: usisugue, usitumie maji ya bomba yasiyo na chumvi, mwagia siki ukiwa nayo, ondoa nyuzi zake kwa kitu, siyo kwa kidole. Mtu akishindwa kupumua, hospitali mara moja. Miiba: loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Usiichimbe kwa sindano.

Nimeshazoea. Sasa niende wapi?

Nenda hori la Mida, Watamu, maji yakijaa, upite kati ya mikoko na kafi likiwa kimya, ndege hawatakukimbia. Nenda Kilifi usiku usio na mwezi, upige kafi horini, uone kila pigo linavyowasha maji kwa vijidudu vinavyong'aa. Nenda Mafia, Lamu. Na kabla ya hayo yote, mwombe mwenye ngalawa akuachie kana kwa nusu saa, naye ashike demani. Beba maji ya kunywa ya watu wawili.